Kitufe Kilichokataa Zambarau

Jumatatu, 8 Mei 2006

Maisha yangu yamebadilika leo kabla ya saa nne asubuhi! Bosi Gachanja alituita mimi na Jeruto nyuma ya kaunta ya saiba yetu ya intaneti, akatuambia kwamba tawi la Bungoma litafunguliwa Jumamosi ya tarehe ishirini. Kompyuta mpya kumi na moja. Hapa Kitale tunazo tisa, na mbili kati yake hunguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Tawi linataka meneja. Sharti ni moja. Tovuti ninayomtengenezea Bi Nasro, yule mwenye duka la nguo karibu na msikiti, itaonyeshwa siku hiyo mbele ya wageni. Bi Nasro akiridhika, Bungoma ni yangu. Asiporidhika, ni ya Jeruto.

Nilimtazama Jeruto. Hakupepesa jicho. Huyu msichana wa Mlima Elgon hana haraka na kitu chochote, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Saa sita Bi Nasro mwenyewe akaja na kipande cha kitambaa mkononi. Zambarau. Bango la duka lake ni zambarau hiyo hiyo, mifuko ya wateja ni hiyo hiyo, hata kiti anachokalia. Akakibandika kitambaa kwenye skrini, akakunja uso, akasema zambarau yangu imezidi kidogo upande wa damu. Nikapunguza nyekundu kwa nukta mbili. Nukta mbili kati ya mia mbili hamsini na tano! Akasema hapo sasa. Macho ya mwanamke huyu yangepaswa kuwekwa benki.

Akausifu ukurasa wote. Picha za magauni, majina ya vitambaa, na ile fomu ambayo mteja anatumia kutuma picha ya nguo anayotaka ashonewe. Kisha kidole chake kikasimama chini kabisa, kwenye kitufe cha kuchagulia picha. Kila kitu zambarau, chenyewe kijivu. Kijivu cha simenti. Akaniuliza, kijana yangu, huyu naye amealikwa na nani? Nikamwambia mama, hicho ni kitu cha dakika tano.

Jioni nikampigia mama yangu kule Matulo, nikamwambia mwanawe ni meneja wa Bungoma. Alipiga vigelegele hadi simu ikakatika. Sikuona haja ya kumchosha na habari za sharti.

Jumanne, 9 Mei

Dakika tano zimeisha. Zimefuatwa na saa tisa.

Nimeandika kwenye msimbo: kitufe kiwe zambarau. Kisanduku cha maandishi kilicho kando yake kikawa zambarau. Kitufe, kijivu. Nikaandika kwa herufi kubwa. Kijivu. Nikaandika mara mbili, mfuatano. Kijivu. Nikakipa mpaka, kivuli, picha ya nyuma. Kijivu, kijivu, kijivu. Nikajaribu brauza ile ya herufi ya buluu, kisha ile ya mbweha. Hizi mbili hazijawahi kukubaliana juu ya jambo lolote tangu nianze kazi hii. Leo zimekubaliana.

Lazima niandike jinsi nilivyojisikia. Niliogopa. Kila kitu kwenye ukurasa huu kinanitii. Nikisema maandishi yakimbie, yanakimbia. Nikisema picha ipotee, inapotea. Halafu kuna kitu kimoja, kidogo kama kiberiti, ambacho kinasikia amri yangu vizuri kabisa na hakijali. Nilikaa nikikitazama kwa muda mrefu bila kula chakula cha mchana. Sijawahi kukutana na kitu chenye msimamo namna hiyo, hata kanisani.

Jeruto alipita nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasema, "Si uiache tu ikae venye iko? Inafanya kazi." Nikamwambia hajui maana ya urembo. Akasema sawa. Anataka Bungoma!

Jumatano, 10 Mei

Majaribio arobaini na moja. Sina la kuandika.

Alhamisi, 11 Mei

Ushindi! Kuna mzungu mmoja, sijui yuko nchi gani, ambaye naye ameteswa na kitufe hiki hadi akaandika makala marefu. Ukurasa wake ulichukua dakika ishirini kufunguka kwa mtandao wetu, na ningengoja hata siku mbili. Anasema: kama hakikubali kupakwa rangi, kifanye kisionekane. Kabisa. Halafu chini yake weka picha ya kitufe kizuri unachotaka. Mteja anadhani anabofya picha, kumbe anabofya kile kisichoonekana.

Nilisoma mara tatu nywele zikinisimama. Yaani kipo na hakipo! Watu wamefikiria jambo hili mahali fulani duniani, wakiwa wamekaa kwenye viti kama hiki changu. Nilitaka kumwandikia yule mzungu nimwambie Mungu ambariki, lakini hakuweka anwani.

Saa nane kazi ilikuwa tayari. Kitufe cha zambarau, pembe za mviringo, kimeandikwa Chagua Picha kwa mwandiko wa mkono. Gachanja alikuja kutazama, akasema, "Mukhisa, bana, hii ni kali." Nilihakikisha Jeruto amesikia.

Nimeongeza vitu vyangu viwili, kwa sababu mzungu si mjuzi wa kila kitu. Kwanza, ili mteja asikikose kitufe kisichoonekana, nimekitanua. Kidogo. Kisha nikakitanua tena. Pili, mteja akishachagua picha inajituma yenyewe, asisumbuke. Halafu nikauweka ukurasa wa Bi Nasro uwe ndio wa kwanza kufunguka kwenye kompyuta zetu zote tisa. Matangazo ya bure. Nimelala kidogo mchana kwenye kaunta nikiota kiti cha meneja.

Ijumaa, 12 Mei

Siku ya aibu. Nitaandika haraka.

Mzee Kemboi, mkulima wa mahindi wa upande wa Suam, alikuja asubuhi kuandika barua. Alikataa kuchapiwa. Aliandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwa saa mbili, akiufunika uso wa kompyuta kwa kofia kila mtu alipopita. Alipomaliza akataka kutoka, akaona ukurasa wa Bi Nasro, akabofya mahali fulani pa kufunga. Dirisha likafunguka likimtaka achague faili. Mzee ni mtu wa heshima. Akiulizwa, anajibu. Faili iliyokuwepo ilikuwa moja, akaichagua. Ikajituma yenyewe.

Saa tisa Bi Nasro akaingia saiba akiwa na furaha isiyo na kifani. Agizo la kwanza limefika kwenye barua pepe yake! Jeruto alikuwa amemchapishia asubuhi hiyo hiyo bila kusoma. Bi Nasro akalisoma kwa sauti katikati ya saiba, watu wamejaa, ili sote tushangilie. Mteja anataka gauni la zambarau kwa ajili ya mkewe Chelimo. Lile la kwanza aliharibu yeye mwenyewe, alifunikia nalo mbolea mvua iliponyesha ghafla wakati wa kupanda, na mke akarudi kwao wiki ya tatu sasa. Mteja anasema nyumba imekuwa na mwangwi. Mteja anasema hata ng'ombe anamtafuta. Bi Nasro akanyanyua macho akauliza vipimo vya kifua na kiuno vimeandikwa ukurasa gani.

Mzee Kemboi alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake. Alisimama pale mlangoni. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa mdogo namna ile. Aliuliza taratibu, ni nani amempa huyu mama barua niliyomwandikia mke wangu?

Mimi nilikuwa chini ya meza. Kulikuwa na waya uliohitaji kukazwa.

Bi Nasro alielewa kabla ya mtu kumweleza. Akaikunja barua mara nne, akamwendea mzee, akampa kwa mikono miwili, akamwita baba, akamwomba radhi. Kisha akamwambia mwanamume anayeandika hivi asitume barua, aende mwenyewe, na gauni atamshonea leo leo. Mzee alikubali kwa kichwa tu. Kisha Bi Nasro akaja hadi kwenye miguu yangu iliyokuwa imejitokeza, akaiambia kwamba hata yeye tangu asubuhi kila anapobofya anaombwa faili. Alisema hataki duka ambalo ukuta mzima ni mlango.

Jeruto ameondoa ile picha ya zambarau na kukifanya kitufe kionekane tena. Kijivu kimerudi mahali pake. Nadhani kilinitazama.

Jumamosi, 13 Mei

Jeruto alinieleza jambo bila mimi kumuuliza. Alisema kile kitufe ndicho mlango wa sanduku la mtu. Barua zake, picha zake, siri zake. Ndiyo maana waliotengeneza brauza hawamruhusu mwenye tovuti kukivisha anavyotaka. Wamekipa sare. Mtu akikiona mahali popote anajua: hapa sasa natoa kitu changu. Alisema ukikipamba na kukificha, watu watatoa vitu bila kujua, na akataja jina la Mzee Kemboi ingawa hapakuwa na lazima.

Nilivuta kiti, nikakitazama kile kitufe upya. Nakiri, kwa heshima. Ajabu kubwa kama hii, na imekaa pale miaka yote ikiwa na sura ya tofali! Mtu asiyenijua, mbali huko, alimfikiria Mzee Kemboi kabla ya Mzee Kemboi kushika kipanya. Machozi yalinikaribia.

Hali hiyo ilidumu kama dakika moja. Kisha nikajiuliza, kama ni sare, anayeigawa ni nani?

Jumatatu, 15 Mei

Ni kompyuta yenyewe! Rangi ya kitufe haitoki kwenye ukurasa wala kwenye brauza. Inatoka ndani ya mashine, kule kwenye mipangilio ya sura ya Windows, ambako watu huenda kubadilisha picha ya nyuma kuweka maua. Leo asubuhi nilifika huko kwenye kompyuta namba tatu, nikachagua ile sura ya zamani, nikapata mahali pa rangi ya vitufe, nikaandika namba za zambarau ya Bi Nasro. Nikafungua ukurasa.

Zambarau!

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Siku saba amenidharau, leo amevaa! Ni kweli kwamba na mstari wa chini ya skrini umekuwa zambarau, na kikokotoo, na kila dirisha, na programu ya kuchapia barua. Ni gharama ndogo.

Tatizo ni kwamba ni kompyuta moja tu. Nilifikiri sana wakati wa chakula. Watu wa hapa wanaingia kwenye intaneti wapi? Saiba. Saiba ziko ngapi? Nilitoka nikazizunguka nikihesabu kupitia madirishani. Kitale nzima, saiba nane pamoja na yetu, kompyuta hamsini na mbili. Bungoma tawi jipya, kumi na moja. Jumla sitini na tatu. Basi! Huko wazungu wana mamilioni, hawawezi. Sisi intaneti yetu yote naweza kuizunguka kwa miguu.

Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Jumanne, 16 Mei

Kompyuta kumi na nane. Mbinu yangu ni rahisi. Naingia na bisibisi mfukoni, ncha ikionekana. Hakuna anayemuuliza mtu mwenye bisibisi. Kwenye saiba ya pale posta mhudumu aliniambia, "Niaje fundi, cheki na hii, imekwama." Niliikwamua, nikaipaka.

Mzee Kemboi amepita barabarani leo pamoja na Chelimo. Gauni la zambarau, limemkaa vizuri ajabu. Wanatembea kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake, lakini upande mmoja wa barabara. Mzee ameniona akanipungia kofia. Nadhani hajui. Kwa kweli bila kitufe changu wasingepatana, lakini mimi si mtu wa kujisifu.

Jumatano, 17 Mei

Thelathini na tano. Nimeona jambo ambalo limenigusa. Saiba moja Kibomet, karibu na ninapokaa, ina mashine kuukuu kuliko zote, skrini nene kama jokofu. Nikafungua ukurasa. Kitufe kilikuwa pale, kijivu, kilekile, kimekaa vilevile. Mashine inakaribia kufa na bado imekishika kwa uaminifu. Niliona aibu kidogo kuipaka.

Nimeipaka.

Alhamisi, 18 Mei

Hamsini na mbili! Kitale imekwisha. Za kwetu nilizimaliza Jeruto alipokwenda benki. Alirudi, akatazama zile mashine tisa, akanitazama mimi, akauliza, "Ati hii ni nini?" Nikamwambia ni matayarisho ya Bungoma. Akasema kesho nisisahau kubeba koti kwa sababu kule kutanyesha. Ndivyo watu wenye wivu wanavyozungumza.

Ijumaa, 19 Mei

Bungoma! Gachanja alinituma kwa simu nitangulie nikahakikishe nyaya. Mlinzi akanifungulia, akarudi langoni. Kumi na moja kwa safu, bado zina plastiki, zinanukia upya. Nilizipaka moja moja, kisha nikarudi mwanzo nikaziwasha zote na kufungua ukurasa wa Bi Nasro kwenye kila moja.

Sitasahau hadi kufa. Jua la saa kumi lilikuwa likiingia dirishani, na mwanga wa zambarau ukajaa chumba kizima, ukutani, darini, mikononi mwangu. Vitufe kumi na kimoja vimevaa. Nilivua kofia. Sikujua kwamba mtu wa Matulo anaweza kufanya jambo kama hili, na kwa bisibisi ambayo hata hakuitumia. Nilisali.

Mlinzi aliingia kuniuliza kama nimemaliza. Akakodoa macho. "Kijana, hii ni langi ya nini? Zimegonjeka?" Nikamwambia ni zambarau ya heshima. Akasema yeye atalala nje.

Nimempigia mama, nimemwambia aje kesho na asikose.

Jumamosi, 20 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie mama.

Mama alifika kabla ya kila mtu, na wanawake watatu wa kikundi chake cha kanisani, wote na leso mpya, na jogoo mwekundu kwapani. Alitangaza mlangoni, "Nimereta jogoo ya meneja." Nikataka kumpokea, akakataa. Alisema cha heshima hutolewa mbele ya watu.

Wageni wakajaa. Mwalimu mmoja alikaa kwenye kompyuta ya kwanza, akaangalia zile zambarau, akainuka polepole akisema hataki diski yake iambukizwe virusi. Wengine watatu wakamfuata. Gachanja, ambaye hakuwa amefika saiba tangu Jumatano, alikuwa ndiyo kwanza anaziona. Kope zikamcheza. Akanong'ona, "Mukhisa, bana, hii ni nini umefanya?" Nikamwambia subiri uone.

Bi Nasro akaketi. Akashuka hadi chini ya ukurasa. Kikawa pale, zambarau. Akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa, akakibandika juu ya kitufe. Vikapotea, kimoja ndani ya kingine. Macho yakamlowa! Akaniita fundi wa kweli. Nikamwona Gachanja akisafisha koo, na nikajua anachotaka kutangaza, na mama akamweka jogoo sawa.

Kisha Bi Nasro akatoa simu. Alitaka dada yake Fardosa, anayekaa Kanada, auone ukurasa wakati huo huo. Huko ilikuwa asubuhi. Tukangoja, chumba kizima. Bi Nasro akawa anatupatia maneno ya dada yake. Anasema ameufungua. Anasema mashallah. Anasema magauni yanapendeza. Anasema rangi ni yenyewe kabisa. Anasema mbona pale chini kuna kitu cha kijivu.

Macho yote yakanigeukia. Kanada! Sikuwa nimeihesabu Kanada. Nikasema zambarau imetumwa, lakini Kanada ni mbali, bado iko njiani.

Mwalimu wa diski alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Hapo simu ya Gachanja nayo ikalia. Ilikuwa ya mwenye saiba ya posta kule Kitale. Gachanja alisikiliza akisema ehe, ehe, bisibisi, ehe. Alipokata simu akafungua kikokotoo kwenye kompyuta iliyokuwa karibu. Zambarau. Akafungua ile ya barua. Zambarau. Akakaa kwenye kiti.

Lakini Fardosa alikuwa bado anaongea, na Bi Nasro akainua mkono tunyamaze. Anasema ameshatuma picha ya gauni analotaka. Bi Nasro akamuuliza ametumaje na kitufe kibaya vile. Anasema alikijua mara moja. Anasema ndicho kilekile anachokiona kila mahali, kazini, benki, shuleni kwa watoto, kwa hiyo hakuogopa. Bi Nasro alifikiri. Akakitazama kitambaa chake, akakitazama kitufe, akakirudisha kitambaa mkobani. Akasema kama dada yake amekijua akiwa Kanada, basi kikae kijivu, ndivyo anavyotaka, ameridhika.

Ameridhika! Niliruka. Nilimkumbusha Gachanja sharti lake, kwa sauti, mbele ya wote. Bi Nasro ameridhika, Bungoma ni yangu!

Gachanja hakupandisha sauti. Aliuliza, ameridhika na kitufe gani? Nikasema cha kijivu. Akauliza nani alisema kiachwe kijivu tangu siku ya pili? Nikasema ni Jeruto. Akawaambia wageni kwamba meneja wa Bungoma ni Jeruto.

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alimuuliza mwenzake wa kanisani, Jeruto ni yupi, akaonyeshwa. Akapita mbele yangu, akaenda akampa jogoo kwa mikono miwili, akamtakia kazi njema. Jeruto aliona haya, akataka kumrudishia, akamwambia mama, huyu ni wa Mukhisa. Mama akasema jogoo alikuja kwa meneja, na Matulo harudi.

Kisha akaja kwangu. Akaninyoosha kola. Alisema kanisa zima linajua, na kesho ni Jumapili, kwa hiyo nimfikirie yeye atakaa benchi gani. Nilitamani angenigombeza. Nilimsindikiza hadi barabarani nikimshikia mkoba, na nililia nikirudi, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na hakuna ambaye angejua. Sikuwa nimebeba koti.

Jumatatu, 22 Mei

Hukumu imetoka. Sifukuzwi. Natakiwa kuzunguka kila saiba niliyoingia, nimwombe radhi mwenye nayo, na kuirudishia kila kompyuta kijivu chake. Zote sitini na tatu. Jeruto amesema zile za Bungoma hana haraka nazo. Gachanja amenipa barua yenye muhuri inayonitambulisha, ili nisipigwe.

Nimekubali kwa moyo mweupe. Nimejifunza. Nimeandika kwenye jalada la daftari hili, kwa kalamu nyekundu: VYA WATU NI VYA WATU. Nimepiga mistari miwili. Nimemwambia mama kwa simu kwamba mimi sasa ni mtu mpya. Akasema tutaona.

Nilianza na saiba ya posta. Yule mhudumu alisoma barua, akanionyesha viti, akaniacha. Kijivu, kijivu, kijivu. Kazi ya kutuliza roho kweli. Kwenye mashine ya tano nilikuwa nimekaa nikikitazama kitufe kilivyorudi na utulivu wake, na sikuwa na kinyongo nacho hata kidogo. Nikasogeza kipanya nikifunge.

Na nikauona mshale.

Ule mshale mdogo unaokwenda kila unapoelekeza mkono. Mweupe! Mweupe mtupu, haujashonwa, haujapambwa, kwenye kila kompyuta, kwenye kila ukurasa, juu ya magauni yote ya Bi Nasro, na miaka yote hii hakuna aliyeuona! Nywele zilinisimama. Nikaenda kule kwenye mipangilio kuhakikisha tu. Unabadilishwa. Unachora umbo lolote utakalo. Nikachora sindano. Ndogo, imesimama vizuri, tundu linaonekana. Nikaisogeza juu ya gauni la kwanza, na nakwambia wewe daftari, ilikuwa kama inashona.

Rangi sijagusa. Rangi niliahidi. Hakuna mahali popote kwenye barua ya Gachanja palipotaja mshale.

Mhudumu alipita akauliza kama kazi inaendelea. Nikamwonyesha muhuri. Saiba ya pili walinipa hadi chai. Saa kumi na moja jioni kijivu kilikuwa kimerudi kwenye kompyuta kumi na nne, na sindano zilikuwa kumi na nne. Zimebaki arobaini na tisa. Za Bungoma nitaziacha mwisho, ili Jeruto aone kazi ikiwa imekamilika.